Gango, Msumari na Kiunzi: Historia ya Kuunga Mifupa katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

Lugha huhifadhi historia ambayo wasemaji wake wamekwisha kuisahau. Neno mganga, ambalo siku hizi humkumbusha msikilizaji ramli, hirizi na mizizi, lina asili yake katika kazi ya mikono: kuganga ni kufunga pamoja kitu kilichovunjika ili kipate kushikamana tena. Gango ni kile kishikilizacho pande mbili za kitu hicho, uwe mlingoti, mpini au mguu wa mtu. Na kiunzi ni maungo ya chombo kabla hakijapigiliwa mbao. Neno hilo hilo hutumika kwa mifupa ya mwili mzima, kwa kuwa wahenga waliona kwamba chombo na mwili vyote viwili husimama kwa nguvu ya umbo lililofichika ndani. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, wataalamu wa nchi za mbali walitafuta kitu cha kutiwa katika pengo la mfupa ili mfupa mpya uote juu yake, wakakipa jina la majukwaa ya waashi. Kiswahili hakikuwa na haja ya kuazima mfano huo. Kiunzi kilikuwapo tangu zamani, na maana zake zote mbili zilikuwa tayari zimekutana.

Historia ya kuunga mifupa Mwanza na katika mwambao wa Ziwa Viktoria yaweza kusimuliwa kwa vifaa vitatu: gango la miti, msumari wa chuma na kiunzi cha madini. Kosa la wengi ni kuvihesabu vifaa hivi kama ngazi, ambapo kila kipandio hukiacha nyuma kile kilichotangulia. Sivyo ilivyo. Kila kimoja kilikuja kutimiza sharti moja ambalo mfupa wenyewe umelitaka siku zote, na hakuna hata kimoja kiwezacho kutimiza masharti yote. Asiyefahamu jambo hili huenda akakidharau cha zamani bila haki, au akakitumainia kipya kupita kiasi.

Yafaa basi kuanza na mfupa. Mfupa si jiwe; ni kitu hai. Kila siku ya maisha ya mtu, seli za namna moja hula mfupa uliochakaa, na seli za namna nyingine huweka mpya mahali pake. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni madini ya kalisi na fosfati. Sehemu kubwa ya iliyosalia ni nyuzi za kolajeni pamoja na maji. Madini huupa ugumu, na nyuzi huupa uwezo wa kunepa kidogo bila kukatika, kama vile udongo na fito vinavyosaidiana katika ukuta wa nyumba ya kijijini. Mfupa ukivunjika, kwanza damu huganda baina ya ncha mbili. Kisha mishipa midogo huchipuka na kuingia humo, gegedu laini hujengeka, gegedu hugeuka mfupa mchanga, na kwa muda wa miezi mingi mfupa mchanga huchongwa upya hata mahali pa kuvunjika pakawa taabu kupatambua. Ngozi hupona kwa kovu, lakini mfupa hupona kwa mfupa.

Walakini mfupa una masharti yake, nayo ni manne. Ncha zilizoachana zikaribiane na kunyoka, zitulie zisichezecheze, damu ipate kufika, na uchafu usiingie. Yakitimia yote manne, mfupa hujiunga wenyewe, na anayejiita muungaji huwa mlinzi tu wa kazi isiyokuwa yake.

Sharti la kwanza na la pili yalijulikana kando ya ziwa kabla ya meli ya kwanza ya moshi kupita juu ya maji yake. Katika nchi za Usukuma, Uzinza, Ukerewe na Buhaya, kama katika sehemu nyingi za Afrika, walikuwako watu waliosifika kwa kuunga mifupa, na aghalabu ujuzi huo ulikwenda kwa ukoo, kutoka kwa mzee hata kwa kijana aliyemsaidia. Muungaji alipapasa mahali palipovunjika, akaunyosha mfupa kwa vidole vilivyozoea, akaufunga kwa vijiti na magome ya mti. Hakuwa na picha ya ndani ya mwili. Picha yake ilikuwa katika ncha za vidole. Siku zilizofuata alilifungua gango, akakanda, akachua, akalifunga tena, na mgonjwa akaanza mapema kuutumia mguu au mkono wake kidogo kidogo. Jambo hili la mwisho lilikuwa na hekima kubwa kuliko lilivyoonekana. Mwaka 1892 daktari Mjerumani Julius Wolff alichapisha kitabu chenye kueleza kwamba mfupa hujijenga kwa kadiri ya mzigo unaoubeba, ukitumiwa huongezeka, usipotumiwa hupungua. Mwaka huo huo wa 1892 Wajerumani waliweka boma lao Mwanza. Hapana dalili kwamba waliokuja na bunduki walikuja pia na kitabu hicho. Lakini kanuni yake ilikuwa ikitendwa katika vijiji vilivyowazunguka.

Si haki, hata hivyo, kumsifu muungaji kwa lile alilolijua na kunyamaza juu ya lile asilolijua. Gango likikazwa kupita kiasi huzuia damu, na sharti la tatu huvunjwa na yule yule anayelinda la pili. Kidole huwa cheusi, kisha mguu, na mwisho wake ni kukatwa. Mfupa uliotoboa ngozi nao ulikuwa nje ya uwezo wake, kwa sababu sharti la nne, la usafi, halikuwa katika elimu yake. Wala halikuwa katika elimu ya Ulaya muda mrefu uliotangulia. Kabla ya Joseph Lister kuanza kuosha majeraha kwa dawa ya kuua vijidudu mwaka 1865, mfupa uliotoka nje ya ngozi ulikuwa, hata katika hospitali kubwa za Uingereza, sababu ya kukata kiungo au kuchimba kaburi.

Mfano mmoja wa Uingereza wafaa kukumbukwa na kila amdharauye muungaji wa kijijini. Hugh Owen Thomas wa Liverpool, aliyezaliwa mwaka 1834 na kufariki mwaka 1891, alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales ambao hawakupata kusoma udaktari. Baba yake, Evan Thomas, aliunga mifupa ya mabaharia na makuli wa bandari, huku madaktari wenye vyeti wakimchukia. Akawapeleka wanawe kusomea udaktari, na Hugh akauchanganya urithi wa nyumbani na elimu ya chuo. Gango la chuma alilolibuni kwa ajili ya mguu lilipelekwa vitani na mpwa wa mkewe, Robert Jones, na katika Vita Kuu ya Kwanza likapunguza sana vifo vya askari waliovunjika mfupa wa paja. Mafunzo ya mapokeo na mafunzo ya chuo hayakupigana katika mtu huyo. Yaliungana, kama ncha mbili zilizonyooshwa vizuri.

Huku kwenye ziwa mambo hayakwenda hivyo. Hospitali ilikuja kama nyumba ya pili, yenye mlango wake mwenyewe. Mengo, upande wa Uganda, Albert Cook alianzisha hospitali ya misheni mwaka 1897, miaka miwili tu baada ya Wilhelm Röntgen kugundua miale inayopenya nyama na kuonyesha mifupa. Na mwaka 1907 hospitali hiyo ilikuwa na mtambo wake wa eksirei. Kwa mara ya kwanza jicho liliona katika nchi za ziwa kile ambacho vidole vilikuwa vikikisia. Upande wa Tanganyika, serikali ya kikoloni ilimtazama mganga kwa mashaka. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haikutungwa kwa ajili ya waunga mifupa, lakini ilitanda juu ya uganga wote kama kivuli. Matokeo yake ni kwamba muungaji na daktari waliishi katika wilaya moja, wakatibu watu wale wale, wasikae kitako pamoja. Mgonjwa peke yake ndiye aliyewajua wote wawili, naye aghalabu alikwenda kwa mmoja akiwa amekwisha kushindwa na mwingine.

Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima cha mji wa Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata ilichukuliwa na serikali, na mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa Kanisa kwa makubaliano ya kuiendesha pamoja na serikali. Ikawa hospitali ya rufaa ya mikoa ya ziwa, na kuanzia mwaka 2003 ikawa pia mahali pa chuo cha udaktari. Kwa mvunjiko wa paja, dawa iliyozoeleka katika hospitali za Afrika ya Mashariki wakati huo ilikuwa kuuvuta mguu kwa uzito. Mgonjwa alilala chali, kamba ikapita juu ya gurudumu, na uzito ukaning'inia miguuni mwa kitanda. Njia hii ilitimiza masharti bila kisu, lakini bei yake ilikuwa wakati: majuma sita, nane, hata kumi na mawili kitandani. Mkulima aliyelazwa mwanzo wa mvua alitoka mazao ya wenzake yakiwa ghalani. Mvuvi alikuta nyavu zake zimechakaa na deni limekua. Mtu aliweza kupona mguu akavunjika nyumba.

Kitu kilichofupisha muda huo ni msumari. Mwaka 1939 Gerhard Küntscher wa Kiel, Ujerumani, alipigilia fimbo ya chuma ndani ya uboho wa mfupa wa paja, na mgonjwa akaweza kusimama baada ya siku chache. Lakini msumari ulipoboreshwa kwa kutiwa komeo juu na chini, ulihitaji mtambo wa eksirei uonyeshao picha papo hapo katika chumba cha upasuaji, na mtambo huo ulikuwa ghali kwa hospitali nyingi za nchi changa. Mwaka 1999 daktari Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN katika mji wa Richland, jimbo la Washington, kwa kusudi la kutengeneza msumari unaoweza kufungwa komeo kwa msaada wa kipimo cha nje, bila mtambo ule. Misumari hiyo ilitolewa kwa hospitali za nchi zenye uhaba, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Funzo lake ni kubwa kuliko chuma chenyewe: kifaa kilibadilishwa kifuate hali ya hospitali, badala ya hospitali kuambiwa ingoje mpaka itajirike.

Msumari ulifika kwa wakati. Katika miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu zilienea nchini, na bodaboda zikajaa katika njia za Mwanza, mji wa miamba na vilima. Mwaka 2010 madaktari wa Bugando walichapisha uchunguzi uliozitaja ajali za pikipiki kuwa balaa jipya la afya mjini humo. Muundi wa mguu umefunikwa mbele na ngozi tupu, bila nyama ya kuukinga. Pikipiki ikianguka, ndio uvunjikao na kutoboa nje. Hapo ndipo historia inapofikia sura yake ngumu: mvunjiko ambao umeacha pengo. Vipande vya mfupa vimebaki barabarani, au vimeoza kwa uambukizo vikaondolewa na mpasuaji. Ncha mbili ziko mbali, na sharti la kwanza haliwezi kutimizwa kwa kunyoosha. Mfupa hujiunga wenyewe, naam, lakini hauwezi kuruka shimo. Gango hulinda shimo hilo, msumari hupita katikati yake, na vyote viwili huliacha shimo jinsi lilivyo.

Dawa bora ya pengo, tangu zamani mpaka sasa, ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, unaochukuliwa katika nyonga na kutiwa mahali palipopungua. Una seli hai, una madini, na mwili haumkatai mwenyeji wake. Upungufu wake ni kwamba nyonga si ghala lisilokwisha, na mgonjwa hupata jeraha la pili ili atibiwe la kwanza. Kwa hiyo watu walitafuta mbadala mapema. Mwaka ule ule wa 1892, daktari Dreesmann wa Ujerumani alieleza jinsi alivyojaza matundu ya mifupa kwa jasi, unga ule ule wa plasta. Jasi liliyeyuka, na pengine mfupa ukafuata, pengine haukufuata. Swali likabaki: je, kitu kisichokuwa hai chaweza kuualika mfupa?

Jibu lilikuja kwa njia mbili zilizokaribiana. Mwaka 1965 Marshall Urist wa Marekani alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini yake, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, huamsha mfupa mpya mahali ambapo mfupa haujapata kuwapo; ndani yake mna protini zitoazo wito. Mwaka 1969 Larry Hench wa Florida alitengeneza kioo cha silika, sodiamu, kalisi na fosfati. Kilipotiwa katika mapaja ya panya kwa majuma sita, mpasuaji hakuweza kukitoa: mfupa na kioo vilikuwa vimeshikana. Mpaka siku hiyo, sifa ya kitu kizuri cha kutiwa mwilini ilikuwa kunyamaza, yaani kutoudhi. Kioo cha Hench kilisema na mfupa, nao ukajibu. Kutoka hapo ilizaliwa elimu ya viunzi vyenye athari hai: vitu vya madini, kioo au kolajeni vyenye vijitundu vilivyounganika, ambavyo mishipa na seli huingia, hujenga, kisha kiunzi chenyewe huyeyuka polepole kikipisha mfupa. Vijitundu hivyo visipungue upana wa maikroni 100, ambayo ni sehemu ya kumi ya milimita. Vikiwa vidogo mno, damu haipati njia.

Watafutaji wa umbo hilo lenye matundu walijikuta baharini. Mwaka 1974 Della Roy na Sari Linnehan walionyesha kwamba tumbawe la jamii ya Porites laweza kugeuzwa, kwa joto na mkazo wa maji, kuwa madini ya namna ya mfupa bila kupoteza matundu yake. Mswahili wa pwani hatastaajabu sana. Porites ndilo tumbawe ambalo mafundi wa Kilwa na miji mingine ya kale walilikata likiwa bichi na laini, wakachonga mihrabu na vizingiti. Jiwe lililobeba misikiti ya mababu lilikuwa na umbo la kubeba mfupa wa mtu.

Mwambao wa ziwa hauna matumbawe, lakini una mifupa. Usukuma ni nchi ya ng'ombe, na tangu miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vimekuwa vikikata minofu ya sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kuipeleka Ulaya. Minofu husafiri kwa ndege. Mapanki, yaani kichwa na uti wa mgongo, hubaki kwa maskini na kwa chakula cha mifugo. Katika mifupa ya ng'ombe na ya samaki vile vile mna madini yale yale ya kalisi na fosfati. Katika maabara za nchi nyingi madini hayo yamepatikana kwa kuichoma mifupa kwa joto kali hata kila kitu chenye uhai kikateketea, na Uswisi unga wa mfupa wa ng'ombe umekuwa bidhaa mashuhuri ya madaktari wa meno. Wala Tanzania si ngeni katika kuchoma mifupa kwa elimu. Katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, mifupa ya ng'ombe imechomwa kwa miaka mingi ili kuchuja floraidi katika maji ya kunywa, ile floraidi ambayo ikizidi huharibu meno na kupinda mifupa ya watoto. Mfupa wa mnyama umekwisha kuulinda mfupa wa mtu katika nchi hii. Tofauti ni kwamba ulifanya kazi hiyo ndani ya ndoo.

Kutoka ndoo hata chumba cha upasuaji ni safari ndefu, na haifai kuifupisha kwa maneno. Kitu cha kutiwa mwilini hutakiwa kiwe safi kabisa, chenye kipimo kimoja kila mara, kilichojaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu chini ya sheria. Kiunzi kilichotiwa katika jeraha lenye uchafu hakiualiki mfupa. Huwa pango la vijidudu. Hapa ndipo masharti manne yanaporudi kudai haki yao. Kijana wa bodaboda aliyefikishwa hospitalini siku ya tano, jeraha limekwisha kutunga usaha, hasaidiwi na kiunzi cha bei yoyote mpaka aoshwe na kufungwa vema. Ndiyo maana njia ya Mfaransa Alain-Charles Masquelet, aliyoianza katika miaka ya 1980, imependwa katika hospitali zenye uhaba. Pengo husafishwa, hujazwa saruji ya mifupa kwa majuma kadhaa, mwili huijengea saruji hiyo utando wenye damu nyingi, kisha saruji hutolewa na mfupa wa nyonga hutiwa ndani ya utando. Kiunzi hapo ni cha mgonjwa mwenyewe. Daktari amemfanyia nafasi tu.

Nchi za ziwa zina mfano wao wa kufuata. Katika miaka ya 1960 Profesa Ronald Huckstep wa Makerere alikuta watoto wa Uganda waliopooza miguu kwa polio wakitambaa chini, kwa kuwa vyuma vya kuwasimamisha vilikuwa ghali. Akaagiza vitengenezwe kwa fito za chuma, ngozi na viatu vya mti, na mafundi wa papo hapo. Hakuingoja Ulaya ishushe bei, wala hakusema kwamba cha bei nafuu chaweza kuwa kibovu.

Mwaka 2002 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kivuli cha mwaka 1928 kikapata mahali pa kupungulia. Sheria yaweza kumwandikisha muungaji. Kumketisha pamoja na daktari ni kazi ya watu. Faida ya kikao hicho haimo katika heshima peke yake. Muungaji ndiye afikiwaye kwanza katika vijiji vingi. Akijua ni gango gani la kulegezwa na ni jeraha gani la kupelekwa Bugando siku hiyo hiyo, atakuwa amewaokoa watu na pengo ambalo kiunzi kingetafutwa kulijaza. Pengo jepesi kuliko yote kuponya ni lile ambalo halikupata kutokea. Na kwa yale yatakayotokea, vyuo vya nchi vina mifupa ya kuchoma, vina ziwa la kuvua, na vina wagonjwa wasioweza kulipa bei ya Uswisi.

Wahenga walisema: yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Hawakusema yaliyopita yasahauliwe. Walichagua neno kuganga, na aliyelitumia kwanza alikuwa ameshika mikononi mwake kitu kilichovunjika na kipande cha mti.